Kanisa la Jumanne

Tarsis alikuwa mshona magunia Kariakoo, na kwa miaka kumi na moja alisimama mlangoni mwa kanisa kila Jumapili, na suti yake ya kijivu, akiwapangia watu viti. Ukinuka, anakuweka nje karibu na dirisha. Ndivyo alivyoagizwa na Mchungaji Vitalis, na hakuwahi kuuliza.

Siku moja akamweka Lucky huko nje. Lucky ni mpagazi, anashusha vitunguu kwenye malori, na malori hayajui Jumapili. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, ngata mkononi, ule mviringo wa kitambaa anaouweka kichwani chini ya mzigo.

"Kaa hapa dirishani, mdogo wangu, upate upepo."

"Upepo naupata kutwa nzima, braza Tarsis. Sema tu nanuka."

Katikati ya ibada mvua ikaanza, dirisha likafungwa, na Tarsis ndiye aliyelifunga. Kupitia kioo akamwona Lucky anaiweka ngata yake kwenye maji na kupiga magoti juu yake, akisali.

Wengine huitwa kwa ndoto. Tarsis hakuota kitu. Alitoka na suti yake, akapiga magoti kwenye mvua kando ya Lucky, na ule mlango hakuurudia tena.

Kesho yake akamwendea tajiri yake, Nasor, kumwomba baraza ya stoo.

"Yaani mimi Mwarabu nikufungulie kanisa?"

"Kufungua nafungua mwenyewe. Wewe nipe baraza."

"Na spika?"

"Sina spika."

"Kariakoo hii mtu anauza soksi kwa spika, wewe uhubiri kwa mdomo mtupu." Nasor akacheka. "Haya. Adhuhuri nafunga, naenda msikitini. Muwe mmemaliza."

Wakachagua Jumanne saa nne, malori yakishashushwa. Walianza wanne. Baada ya miezi sita walikuwa arobaini, wamekaa juu ya magunia matupu na jasho lao, hakuna aliyeambiwa aende dirishani.

Kitu kimoja tu kilimkosesha Tarsis usingizi. Hakuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji. Bila mikono hakuthubutu kubatiza, na Mama Beno, muuza chai, alikuwa anasubiri mwezi wa tatu sasa, mwanawe wa kubatizwa mgongoni.

Jumanne moja Mchungaji Vitalis akatokea barazani, shati jeupe, viatu vinang'aa.

"Darasa la nne wewe, Tarsis," akasema mbele ya watu. "Lakini nimekuonea huruma. Jumapili njoo, simama mbele ya kanisa uombe radhi kwa kuasi. Nitakuwekea mikono. Na hawa watakuwa tawi letu. Jumapili saa tatu, wawe wameoga."

"Lori likiingia saa tatu?"

"Wachague."

Tarsis akamtazama Mama Beno. Mama Beno akatazama chini. Mikono aliyoitaka ilikuwa hapo, hatua mbili, safi.

"Radhi nitaomba," Tarsis akasema. "Lakini si kwako."

Akaokota ngata ya Lucky, akaitandika sakafuni, akapiga magoti juu yake.

"Lucky, nilikufungia dirisha. Nisamehe."

"Zamani hiyo, braza. Inuka bwana, unanitia aibu."

"Siinuki. Niwekeeni mikono."

"Acha upuuzi," Vitalis akasema. "Hawa ni nani mpaka wakuweke wakfu?"

"Ndio kanisa langu. Mimi ni mchungaji wa hawa, si wa viti vyako."

Wapagazi wakatazama viganja vyao. Mmoja akafuta vyake kwenye suruali.

"Mikono yangu inanuka vitunguu," Lucky akasema.

"Iweke hivyo hivyo."

Akaiweka. Wengine wakafuata, mikono iliyozoea kubeba, mizito, mpaka shingo ya Tarsis ikapinda.

"Taratibu jamani," Mama Beno akasema. "Huyo si gunia."

Lucky akaomba kwa maneno machache, maana hakuwa na mengi. Tarsis alipoinuka, Vitalis alikuwa bado amesimama palepale.

"Sitautambua uchungaji huu," Vitalis akasema. "Popote nitakapoulizwa nitakukana."

"Nikane. Jumanne ijayo tupo hapa."

Mlangoni mwa stoo Nasor aliitazama saa yake.

"Tarsis, imebaki robo saa."

"Inatosha. Mama Beno, mlete mtoto. Na ile ndoo yako ya maji ya chai."