Mihigo Hakufika Milimani

Nyiramana alikuwa akipalilia maharage nyuma ya nyumba yake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, simu ilipolia. Namba hakuijua. Sauti ya kijana ilisema haraka, "Mama Mihigo, mutoto wako iko ku hospitali, Mbarara. Ukuye leo." Kisha ikakatika.

Tangu Mihigo aondoke, aliishi akiiogopa simu ya namna hiyo, ila siku zote alidhani itakuwa habari ya risasi. Mwanawe aliondoka bila kuaga, pamoja na vijana waliokubali kwenda kupigana kwao, kwenye milima ya Kivu Kusini, Kongo, alikozikwa baba yake. Aliyewakusanya alikuwa jirani yao, Rwakabuba, kiongozi wa kwaya. Watu walijua, wakanyamaza.

Alikodi pikipiki, na hadi mji wa Kabingo alimsihi dereva aongeze mwendo. Walipoipita Kabingo alianza kuogopa kufika. Wakimwuliza kijana wake alikuwa Mbarara kwa kazi gani, angejibu nini?

Muuguzi wa wodini hakuuliza hilo. "Wewe ndio mama yake? Walimwacha kwa geti, wakakimbia. Malaria imepanda kwa kichwa. Mbona mulichelewa hivi?"

"Sikujua kama iko mugonjwa," Nyiramana alijibu.

Mihigo alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa, macho ya njano. Alimtambua mama yake. Alimweleza kwa vipande, akipumzika katikati: walikuwa wameshaapishwa, wakafichwa katika nyumba moja mjini kungoja gari. Homa ilipomshika, mkubwa wao aliogopa maswali ya hospitali, akampa vidonge vya kutuliza maumivu.

"Gari ilikuja," alisema. "Benzangu balipanda. Miye nikashindwa kusimama."

"Nyamaza, upumuzike."

"Mama, useme nilifika. Usibaambie batu nilikufia ku kitanda."

"Hautakufa."

"Useme nilifika."

Nyiramana alilowesha kitambaa, akamfuta uso. Hakukubali, hakukataa. Alikuwa bado akimfuta pale mkono wa Mihigo ulipolegea ndani ya wake, na muuguzi akamwomba asogee.

Walimrudisha Nakivale kwa gari la kanisa. Kabla jeneza halijateremshwa kaburini, Rwakabuba alimvuta Nyiramana pembeni.

"Nitasimama niseme alianguka ku front, akikinga benzake," alisema kwa upole. "Ni heshima yake. Ni heshima yako pia."

Ndicho alichokiomba mwanawe mwenyewe. Nyiramana alikaribia kuitikia kwa kichwa. Ndipo akamwona Nkusi, mtoto wa jirani yake Apolline, amesimama na wenzake wawili karibu na kaburi. Wote watatu walikuwa wamenyolewa kama Mihigo.

Rwakabuba alisimama, akaanza kusimulia vita. Vijana wale waliinua vichwa. Nyiramana alimtazama Rwakabuba. Mtu huyu alikuwa na watu wake. Aliijua nyumba ya Nyiramana, aliijua njia ambayo binti yake Liliane hupita kwenda kuchota maji. Aliinuka hata hivyo.

"Mutoto wangu hakufika," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, waliosimama nyuma wakaulizana amesema nini. Ikabidi arudie.

"Hakufika ku vita. Alikufa na malaria, Mbarara. Balimulaza mu nyumba, bakaogopa kumupeleka ku hospitali, mpaka ikapanda ku kichwa. Aliniomba niseme alifika. Mihigo, unisamehe. Siwezi."

Rwakabuba alisema huzuni huvuruga akili za watu, akaiomba kwaya iimbe. Walioimba walikuwa wachache.

Baada ya mazishi Nyiramana na Liliane walilala siku kadhaa kwa mchungaji Nehemiya. Kila mbwa alipobweka, Nyiramana aliketi kitandani, mkono juu ya bega la binti yake. Hakuna aliyewafuata. Rwakabuba alihama, wengine walisema yuko Rugaaga, wengine wakasema Kikagate. Wale wenzake Nkusi walibaki, mmoja akaanza kazi ya kubeba mizigo sokoni. Nkusi akaenda vitani.

Apolline alikuja asubuhi moja, Nyiramana akiwa ndiyo kwanza amerudi nyumbani kwake. Hakuingia ndani.

"Ulisema kweli, na bado akaenda," alisema.

Nyiramana alimwekea kiti. Apolline hakukaa. Alikuwa akisokota pindo la kitenge chake.

"Ile malaria ya Mihigo, ilianzia wapi?"

"Alisema aliisikia ku mugongo, na baridi mingi."

"Na Nkusi alikuwa analalamika mugongo, siku ya Mungu, tulipotoka ku kanisa. Nikafikiri ni jembe." Alitazama barabara. "Hujasikia kama alibeba dawa?"

"Sijasikia."

"Bale rafiki zake banaweza kujua."

Nyiramana alichukua kitambaa chake cha kichwa, akafunga mlango, wakaondoka pamoja kuelekea sokoni, Apolline mbele, karibu akikimbia.