Utepe wa Namba Kumi na Saba

Mama Redio, jirani yetu wa ukuta mmoja, anaapa kwa macho yake mawili kwamba juzi asubuhi mwalimu mstaafu wa nyumba ya njano alinifukuza kwa fimbo mpaka kwenye kona, akinipigia kelele kwa lugha ya majini, na mimi natimua mbio na foronya kwapani kama mwizi. Fimbo ilikuwepo, sikatai. Foronya pia. Mengine ni ya redio.

Mimi nadarizi. Cherehani yangu iko barazani, natia majina ya shule kwenye sweta, na maua kwenye foronya. Nimesoma mpaka la saba, basi. Mwaka jana nilikosea herufi moja tu ya jina la shule, nikafumua sweta arobaini, uzi mmoja mmoja. Tangu hapo neno nisilolielewa silitii sindano kabla halijapita mbele ya anayelijua.

Sasa Bibi, aliyenilea, akatoa kwenye kopo lake la vifungo utepe mweupe wa kitambaa, mfupi kama kidole, wenye namba 17 ya uzi mwekundu. Zamani, kabla mama yangu hajazaliwa, Bibi alikuwa dobi wa seminari, akiwafulia na kuwapigia pasi vijana waliosomea upadri, na nguo za kila mmoja zilikuwa na namba yake. Chini ya namba, kwa wino uliofifia, kuna mtu ameandika: Gratias ago manus tuas.

"Hicho Kilatini. Nidarizie kwenye foronya," akasema. "Ila kwanza nijue kinasema nini."

"Kumbe hujui?"

"Ningejua ningekutuma, mke mwenzangu? Yule kijana wa namba hiyo nilimchomea ukosi wa kanzu kwa pasi. Wiki iliyofuata kanzu ikarudi kufuliwa, huo utepe umo mfukoni. Miaka hamsini na mbili sijui kama nilishukuriwa au nilitukanwa."

"Na kama ni tusi?"

"Nitalilalia."

Nikasema nitampelekea padri. Akakataa. Nikasema basi nitaulizia kwenye simu. Akanikata jicho. "Mwalimu wa nyumba ya njano. Yeye tu."

Nilimkuta mwalimu kaanika vitabu vyake juani. Nikamwamkia, nikamweleza shida: nadarizi, naomba anikagulie kama maneno yamekaa sawa. Nilikuwa nimeyanakili kwa chaki juu ya foronya. Akayasoma, akaguna.

"Nani kaandika haya? Angekuwa darasani kwangu ningempa sifuri na nusu."

"Ni matusi, mwalimu?"

"Matusi wapi! Anashukuru mikono ya mtu. Lakini sikiliza, binti. Sisi neno tunalibadilisha kichwa: mkono, mikono. Wao hubadilisha mkia. Hapa mikono ndiyo inayopewa shukrani, kwa hiyo mkia uwe hivi." Akachukua chaki yangu, akaandika juu ya maneno mawili ya mwisho: manibus tuis.

Nikashusha pumzi. Ili nisiwe nimekosea kunakili, nikamtolea utepe wenyewe alinganishe.

Maneno hata hakuyasoma. Alikuwa anaitazama namba. Akapitisha kidole gumba juu ya uzi mwekundu, kisha mkono wake wa pili ukapanda shingoni, kwenye ukosi wa shati, kama mtu anayepapasa kitu gizani.

"Umeutoa wapi huu?"

"Kwa bibi yangu. Alikuwa dobi."

"Anaishi?"

"Mtaa wa pili kutoka hapa. Alisema nije kwako, kwako tu."

Akaketi juu ya kamusi. "Namba kumi na saba ni mimi," akasema. "Siku ile kulikuwa na ukaguzi wa nguo, na anayeharibu kanzu anafungishwa virago. Nilipovaa nikaona ukosi umeungua kwa ndani, nikajua nimekwisha. Mkuu akanigeuza shingo huku na huku, hakuona kitu. Kumbe bibi yako aliubandua, akaugeuza, palipoungua pakajificha, akaushona upya kwa mkono. Huwezi kuona mshono! Na kuongea na wafanyakazi ilikuwa marufuku. Nikaandika Kilatini, ili nikishikwa niseme ni zoezi."

"La sifuri na nusu," nikamwambia.

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa foronya yangu.

Nilikuwa nimeshafika kwenye kona niliposikia fimbo inagonga nyuma yangu. "Manibus! Usisahau mkia, manibus!" Hapo ndipo Mama Redio alipotokeza kichwa. Mwalimu akanifikia akihema, akasema polepole: "Muulize bibi yako kama naweza kuja kumsalimia."

Nyumbani nilimweleza Bibi yote, ukosi, ukaguzi, zoezi. Alisikiliza akiitazama mikono yake, kwanza migongo, kisha viganja, kama vitu alivyoazimwa akasahau kurudisha.

"Sasa nidarizi kipi, Bibi? Kilichosahihishwa, au chake cha zamani?"

"Chake. Hicho ndicho nilichotunza. Na uzi uwe mwekundu."

Nikakaa kwenye cherehani. Nilipomaliza neno la kwanza nikasema, "Na ile salamu? Anauliza kama aje."

"Uzi wako umelegea hapo."

Nikaukaza. "Bibi. Aje?"

Alikuwa ameinamia kopo la vifungo, anavichambua vyeupe na vyeusi, vyeupe na vyeusi. Upande wa pili wa ukuta, Mama Redio akaacha kufagia.