Mkono wa Kushoto wa Khatibu

Ukitaja kodiani mtaa wa Mtongwe, ng'ambo ya Likoni, mwaka ule wa tisini na tatu, ulikuwa umemtaja Khatibu. Miaka thelathini na tano kapiga taarabu. Basi mwezi wa Rajabu akaamka asubuhi, mkono wa kushoto hauna habari naye. Kiharusi. Ulimi ulirudi, mguu ulirudi, mkono ukasusa. Na kodiani bila mkono wa kushoto ni sanduku, maana wa kulia hupiga wimbo, lakini wa kushoto ndio unaovuta pumzi na kubonyeza besi.

Lingekuwa hilo peke yake, angeshukuru uhai akanyamaza. Lakini bintiye Mwanaima alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na tangu mtoto huyo anatambaa Khatibu alikuwa amemtungia wimbo wa siku ya kupambwa. Hakuwahi kumpigia mtu mwingine ila yeye. Wenzake wa kikundi walipokuja kumwambia kwa adabu kwamba watamtafuta mpigaji wa kushika nafasi yake, aliwajibu, "Mtafuteni," akaingia chumbani akafunga mlango. Siku mbili mkewe Barke alimpelekea uji akautoa umepoa.

Siku ya tatu akaja Pascalia.

Pascalia alikuwa mpiga kinanda wa hoteli moja kule Shelly Beach. Miaka sita nyuma alikuja mjini kutoka Kaloleni, anajua nyimbo za kanisani tu, akaomba kukaa na kikundi ajifunze taarabu. Wanaume wakacheka mpaka wakashika mbavu. Khatibu peke yake ndiye aliyevuta kiti akasema, "Kaa hapa, mwanangu, sikiliza mkono wangu." Akamkalisha miaka miwili, na kwa elimu ile msichana akapata riziki.

"Shikamoo, mzee," alisema mlangoni, kabeba kompyuta kuukuu aliyoachiwa na Mjerumani mmoja mpiga muziki, kinanda, na kisanduku cheusi mfano wa redio.

"Marahaba. Na hayo makorokoro?"

"Mkono wako wa kushoto."

Khatibu alitaka kukasirika, ila mtu aliyebeba mzigo wote ule kwa miguu kutoka stendi humfukuzi hivi hivi.

Pascalia akapanga vyombo mkekani, akaeleza. Kinanda hakina sauti, ni vitufe tu. Sauti zote zimo ndani ya kisanduku: kodiani, besi, filimbi, chochote utakacho. Na waya baina yao haupitishi sauti, unapitisha amri: bonyeza sauti hii, kwa nguvu kiasi hiki, sasa iachie. "Kompyuta tutaiweka katikati baadaye," alisema. "Kwanza tuone kama hivi viwili vinaelewana."

Hapo Barke akamwita jikoni akanywe chai. Khatibu, mkaidi yule, akaona hawezi kungoja. Nyumba yake, wimbo wake, waya atachomeka mwenyewe! Alilelewa kwamba kila la kheri huanzia kulia: chakula, kiatu, hata kuingia msikitini. Akasema bismillahi, akachomeka ncha moja kwenye tundu la kulia nyuma ya kinanda, ncha ya pili kwenye tundu la kulia nyuma ya kisanduku. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Kimya kama kaburi.

Pascalia aliporudi alimkuta machozi yanamtoka.

"Chukua vitu vyako, mwanangu," alisema. "Mungu akulipe kwa nia yako. Lakini nimekwisha mimi. Hata mashine yanikataa."

Pascalia akainama nyuma ya vyombo, akaangua kicheko. "Wallahi, mzee, umevionea bure! Tundu ulilochomeka huku ni mdomo, na huku pia ni mdomo. Vyote viwili vyasema, hakuna kinachosikiliza." Akachomoa ncha moja, akaihamishia tundu la kushoto la kisanduku. "Hili ndilo sikio. Haya, jaribu."

Khatibu akagusa kitufe kimoja, na kodiani ikalia chumbani. Barke akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akadhani mumewe kapona.

Kuanzia hapo kila alasiri walifanya kazi. Pascalia akaiweka kompyuta katikati, akamwambia apige sehemu ya besi kwanza, kwa mkono wa kulia. Ilimuwia vigumu, lakini mkono ulioishi na mwenzake miaka yote ile unajua kazi ya mwenzake. Kompyuta ikazishika zile amri, ikawa inazirudia duru kwa duru mpaka isimamishwe. Kisha Pascalia akazipa njia mbili: amri zilizohifadhiwa ziende kwenye besi, na kile anachokipiga Khatibu sasa hivi kiende kwenye kodiani. Alipozisikia pamoja, Khatibu aliufunika uso kwa kanga ya mkewe.

Siku ya kupambwa, wapigaji waliwekwa nyuma ya pazia, wanawake upande wa pili, udi umetanda. Bibi harusi kwa ada hukaa macho chini, hasemi neno. Khatibu akaanza. Alipofika ubeti wa pili ikasikika sauti moja, wazi kabisa, kutoka kwenye kiti kilichopambwa:

"Ni baba huyo! Baba anapiga!"

Vigelegele vikapaa. Khatibu akashindwa. Kwikwi zilimshika mwili mzima, mkono wa kulia ukamlegea, ukaanguka mapajani. Wenzake wakageuka kumtazama. Pascalia alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kusimamisha kompyuta, akakiondoa.

Na besi haikusimama. Mkono wa kushoto, ule uliokufa Rajabu, uliendelea kupiga, taratibu, duru moja, duru mbili, ukimngoja. Wanawake hawakujua kitu, wakaitikia kwa makofi. Khatibu aliusikiliza mkono wake mwenyewe ukimshikia wimbo wa mwanawe, akasema, "Alhamdulillahi. Ahsante, Pascalia. Ahsante, mwanangu."

Duru ya tatu ikaja, akapangusa macho, akaingia.