Jina Hatuandiki

Mimi nina mdomo, sikatai. Lakini miaka sita kwenye ambulansi sijawahi kutoa habari ya mgonjwa nje ya gari. Sheria yetu haina kona: si kwa mume, si kwa mama, si kwa jirani anayekukaba mlangoni na "eti nasikia". Jumatano ile ndipo nilipojua uchungu wake.

Mchana tuliitwa duka la rangi. Mtu kaanguka, anatetemeka, povu linamtoka. Nikapenya kati ya makopo, nikapiga magoti, nikamlaza ubavu. Mungu wangu! Shemeji! Mchumba wa mdogo wangu, na harusi imebaki siku kumi.

"Unamjua?" dereva akaniuliza.

"Shika machela!" nikamfokea. Hakuwa na kosa, maskini. Hofu ndiyo iliyonisemea.

Tukiwa njiani alizinduka. Nikamuuliza maswali ya kazi, akajibu huku ananikwepa macho: kifafa, mwaka wa nane sasa, na dawa hajameza siku tatu kwa pilikapilika za harusi. Gari likiruka mashimo karatasi haiandikiki, kwa hiyo sisi hubandika kipande cha plasta nyeupe kwenye suruali, juu ya paja, tukaandika hapo. Hospitalini tunanakili kwenye fomu, tunakibandua, tunakichana. Nikaandika: saa saba na robo, duka la rangi, kifafa miaka minane, dawa siku tatu hajameza. Jina hatuandiki kamwe.

"Dada," akanishika mkono, "yeye hajui. Niachie nimwambie mwenyewe. Nakuomba hilo moja tu."

"Humu ndani mimi si dada yako, ni mhudumu," nikamwambia. "Hata ningetaka kusema, siruhusiwi."

Nikamkabidhi kwa daktari, nikajaza fomu, na kabla sijaweka kalamu chini dereva akaniita tukimbilie ajali nyingine. Basi ikawa ni mbio mpaka jioni.

Nyumbani nikamkuta mdogo wangu. Tunamwita Cherehani, maana akianza kuongea hakuna pa kuchomeka neno. "Dada, huyu bwana tangu aende duka la rangi mchana simu haipatikani! Kanichoka kabla hajanioa?" Akacheka, lakini alikuwa na wasiwasi, nikauona. Nikakaa, nikainuka, nikakaa tena. Huyu ni damu yangu, jamani. Hana haki ya kumjua anayemuoa? Lakini sheria ile haikuwekwa kwa ajili ya watu baki tu.

Ghafla Cherehani akanyamaza. Alikuwa ananitazama pajani, kwenye ile plasta niliyosahau kuibandua.

"Duka la rangi," akasoma polepole. "Kifafa."

Nikafunika kwa kiganja. Maji yalishamwagika.

"Dada, ni yeye?"

"Siwezi kuzungumzia mgonjwa."

"Sijakuuliza mgonjwa. Nimekuuliza ni yeye?"

"Siwezi."

Ananijua tangu anatambaa. Mgonjwa angekuwa mtu mwingine ningemwambia "hapana, tulia", na hilo alilijua. Machozi yakamlenga. "Na muda wote huu umekaa hapo unanitazama tu!"

Hodi ikapigwa. Shemeji akaingia, ana bandeji kwenye paji la uso, mkononi kashika mfuko wa dawa bila kuuficha. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Naomba ukae," akamwambia mdogo wangu. "Nina jambo. Nimelibeba miaka mingi, na leo nimesema liwalo na liwe..."

"Najua," Cherehani akamkata. "Kifafa. Miaka minane. Na dawa hujameza siku tatu."

Shemeji hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Shemeji, mimi sikusema," nikajitetea. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia kitu.

Cherehani akafuta machozi, akamvutia kiti. "Kaa. Ugonjwa haujanikimbiza. Kilichoniuma ni kufichwa."

Akakaa, akaweka dawa mezani. Nilidhani atashusha pumzi. Badala yake aliinamisha kichwa, na aliponigeukia sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Njia nzima nimekuja nayapanga maneno, dada. Miaka minane nautafuta ujasiri wa kuyasema mwenyewe, na leo ndiyo nilikuwa nimeupata."