Jina Juu ya Gamba

Siku Bwire alipofukuzwa kazi ya kulinda bwawa, Khalayi aliinua mkono pamoja na wanawake wenzake. Hakuuinua juu kama Waringa, mwenyekiti wa kikundi chao cha kufuga samaki; aliufikisha sikioni tu, mfano wa mtu anayefukuza nzi. Lakini mkono ni mkono, nao ukahesabiwa.

Bwawa lenyewe lilikuwa timbo la zamani nyuma ya mtaa wa Kayole, ambako mawe ya kujengea yalichimbwa hadi yakaisha, mvua ikalijaza shimo. Wanawake wa kikundi walizoa takataka kwa mikono yao, wakaweka humo vifaranga vya samaki aina ya ngege. Mwaka wa kwanza walivua wakashiba. Mwaka wa pili nyavu zilitoka na matope matupu, na kwa kuwa samaki hawana miguu, ilisemekana kwamba wamebebwa na mwenye miguu.

"Mimi sikuiba," Bwire alisema, kofia mkononi. "Nimewaambia tangu mwezi wa tatu. Vyura wamenyamaza. Wale kobe weusi wa zamani, waliokuwa wakiota jua pale kwenye jiwe, siwaoni tena. Kuna kitu ndani ya maji, nacho kinakula."

"Kitu hicho kina sufuria na mwiko," Waringa alijibu, na watu wakacheka.

Bwire akamtazama Khalayi, maana ndiye aliyemtafutia kazi ile; walikuwa watu wa upande mmoja wa nchi. Khalayi akavitazama viatu vyake. Alikijua kitu chenyewe. Hata jina lake alilijua.

Kitu hicho kilikuja nyumbani kwake kikiwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Mchuuzi mmoja karibu na soko la Gikomba alikuwa akiwauza katika bakuli la plastiki: kobe wa maji, wa kijani, wenye mstari mwekundu nyuma ya kila jicho kama jeraha lisilopona. Eve, binti yake Khalayi, alikuwa ametoka hospitalini juzi tu na kicheko kilikuwa kimempotea. Mchuuzi aliapa kwamba kobe hawa hawakui zaidi ya hapo. Eve akamwita wake Kadogo.

Jumamosi hiyo Khalayi alitoka darasa la ngumbaru, la watu wazima wanaojifunza kusoma, alikoketi benchi moja na jirani yake Kathini, akachukua rangi nyekundu ya kucha na kuliandika jina lile juu ya gamba, herufi moja baada ya nyingine, ncha ya ulimi nje. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika neno ambalo hakuamriwa na mwalimu.

Eve alipolisoma alianguka kitandani kwa kicheko. "Mum, umeandika Katoko."

"Si ndivyo linavyosemwa?"

"Ndivyo unavyolisema wewe."

D na G zilikuwa zikimshinda Khalayi tangu utotoni kwao Bungoma. Ulimi ulizigeuza, na mkono ukaufuata ulimi. Rangi ilikuwa imekwisha kukauka. Jina likabaki, na kicheko cha mtoto kikawa kimerudi, kwa hiyo hakulifuta.

Kadogo hakubaki kadogo. Alifikia upana wa sahani, akamwuma Eve kidole, karai lake likanuka ghorofa nzima, hata mwenye nyumba akasema: kobe atoke au wenyewe watoke. Kumwua Khalayi hakuweza. Alimtia ndooni, akamfunika kwa leso, akampeleka timboni asubuhi moja Bwire alipokwenda kunywa chai. Mmoja tu, alijiambia. Hana mke, hana mume, atadhuru nini? Alipomwona akizama alidhani ametenda jambo la huruma.

Sifa ya wizi haihitaji nauli. Ilimtangulia Bwire hadi stejini, kituo cha matatu cha Spine Road. Siku ya nne baada ya kufukuzwa, mtu mmoja pale alikosa simu yake, na mwingine akasema, "Huyu si yule mwizi wa samaki?" Wakamwangukia kwa mikanda na mawe. Simu ilipatikana baadaye ndani ya mkoba wa mwenyewe. Jicho la kushoto la Bwire halikupatikana tena.

Khalayi alimpelekea uji hospitalini, akamlisha kwa kijiko. Kila kijiko alitaka kusema, na kila kijiko neno lilirudi tumboni.

Jua la mwezi wa pili lilipokuwa kali, kikundi kiliamua kuyatoa maji kwa pampu ili bwawa lisafishwe. Maji yaliposhuka, matope yalianza kutembea. Kobe kumi na mmoja, wakubwa kwa wadogo, wote na ile mistari myekundu. Waringa alimpigia simu afisa wa wanyamapori, mwanamke kijana aitwaye Ndindi, naye akaja na magunia.

"Hawa si wa hapa," Ndindi alisema. "Asili yao ni Marekani. Hula mayai ya samaki, vifaranga, vyura, hata majani. Kobe wetu wa kienyeji hushindwa nao, chakula na mahali pa kuota jua." Akachokora ukingo wa bwawa kwa kijiti, akaonyesha maganda meupe ya mayai. "Na wamezaa."

"Waliingiaje?" Waringa aliuliza.

"Mliwaleta. Kila mmoja alidhani wake ni mmoja."

Wanawake wakainamia magamba. Moja lilichorwa nyota ya manjano. Jingine lilitobolewa pembeni, tundu la kupitisha kamba. Hakuna aliyesema ni la nani. Kathini akampangusa yule mkubwa kuliko wote, akasoma polepole: "Ka-to-ko."

"Hicho ni Kikamba cha kwenu?" Waringa alimwuliza.

"Si Kikamba."

"Basi ni Kichina," mmoja akadakia, nao wakacheka.

Kathini hakucheka. Aliinua macho, akamtazama Khalayi. Miaka minne ya benchi moja. Mwandiko wa mkono ule aliujua. Kisha akajifuta matope, akageuka upande mwingine, akamwachia mwenzake mlango wazi wa kupotelea.

"Ni Kadogo," Khalayi alisema. "Ni wangu. Nilimwacha hapa mimi, na siku tuliyomfukuza Bwire nilijua."

Waringa akamsogelea, akamshika kiwiko. "Mama Eve, wewe hujasema kitu. Watu wa Bwire wakisikia, tutasimama kortini sote. Mikono tuliinua sote."

"Si sote tuliojua. Mimi nilijua."

Ndindi alimtia Kadogo guniani wa mwisho. Khalayi alipouliza wanapelekwa wapi, alijibu kwamba hawawezi kurudishwa majini popote, kisha akafunga kamba. Gunia likajinyoosha mara moja kama shingo, likatulia.

Bwire alikuwa ameketi mlangoni kwake, upande mzima wa uso kivulini. Khalayi alimweleza yote akiwa amesimama, hata jina lililokuwa juu ya gamba.

"Siku ya mikono ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Na ukinipa uji?"

"Nilijua."

Bwire aliuliza, "Hilo jina la kobe uliliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi niandikie na langu. Ulibandike palepale stejini."

Aliandika juu ya karatasi ya daftari la Eve. Ulimi ulimletea P badala ya B, akafuta. Ukamletea S badala ya Z, akafuta, hata karatasi ikaanza kuchanika. Ya tatu ndiyo aliyompelekea: BWIRE SI MWIZI. SAMAKI WALILIWA NA KOBE WANGU. KHALAYI. Bwire, asiyejua kusoma, aliisogeza karibu na jicho lililobaki, akazifuata herufi kwa kidole kama mtu anayetafuta ufa ukutani.

"Imenyooka?" aliuliza.

"Imenyooka."

Khalayi akaibandika kwenye nguzo ya stejini kwa uji wa unga wa ngano. Chini ya nguzo alikaa mpiga viatu rangi, na Khalayi alikuwa ameambiwa kwamba siku Bwire alipopigwa mkanda wa kwanza kuvuliwa ulikuwa wake. Mtu huyo akasimama, brashi mkononi, akasoma kwa sauti hadi mwisho. Kisha akamgeukia kwa upole, kama anayeuliza njia.

"Mama, kwani Bwire ni nani?"