Mpaka Kwenye Lifti

Tangu Desemba familia ya Esmeralda ilikuwa ikila na sahani magotini. Meza ya chakula ilikuwa imetekwa na mji wa maboksi: nyumba, daraja, na stesheni ya treni isiyo na paa. Karen, binti yao wa miaka tisa, aliujenga mji huo pamoja na rafiki yake mpya, Nisa, na paa la stesheni lilikuwa kazi ya Nisa. Sasa Nisa alikuwa haonekani tena, na Karen hakutaka mtu aguse hata kipande cha gundi.

"Meza hii tutaipata lini?" Glen, mumewe Esmeralda, aliuliza kila jioni, ingawa meza haikuwa ndiyo shida yake. Karen alikuwa ameacha kabisa kuongea shuleni, ndiyo maana Esmeralda akamtoa na kuanza kumsomesha nyumbani. Glen alikubali kwa sharti moja: baridi ikiisha na mtoto hana hata rafiki mmoja, arudi shule. Hakuwa mkorofi. Aliogopa tu binti yake asije akakua akiongea na mama yake peke yake, na Esmeralda aliogopa hilo hilo.

Kumpatia mtoto rafiki wakati wa baridi Toronto si mchezo. Kiangazi watoto hukutana viwanjani bila kupangiwa. Theluji ikishaanguka kila mtu hujifungia kwake, na wanaosomesha watoto nyumbani hujifungia mara mbili. Kwa hiyo Shelina alipojitokeza, Esmeralda alimshukuru Mungu kwa sauti. Shelina alikuwa mzaliwa wa Mwanza, aliyeishi Kanada tangu usichana wake, na alimsomesha binti yake Nisa nyumbani kwao Richmond Hill. Alhamisi tatu aliendesha gari mpaka kwa Esmeralda, Kingsview Village, akapanda ghorofa ya tisa; watoto wakakata maboksi, mama wakanywa chai na kuongea Kiswahili mpaka koo zikakauka. Kisha ukaja ujumbe: Nisa ana mafua. Ukafuata mwingine: barabara mbaya. Baada ya hapo, kimya.

Asubuhi moja Karen aliuliza, kwa Kiingereza chake cha siku zote, kama alimkosea Nisa. Swali hilo Esmeralda hakulivumilia. Alimvika mtoto koti, wakapanda basi, treni, na basi jingine, mpaka mlangoni kwa Shelina, bila hata kupiga simu.

"Hodi!"

"Karibuni," alisema Shelina, maana angesema nini?

Watoto walipotea juu kabla mabuti hayajavuliwa vizuri. Chini, chai ilikuwa ya maziwa na bajia zilikuwa za moto, lakini maongezi yalipoa. Wanawake wawili waliokuwa wakicheka pamoja mpaka machozi sasa waliijadili theluji kama watu waliokutana kwa daktari. Esmeralda alikunywa kikombe cha pili kwa adabu tu, akaaga.

Shelina akavaa koti. Akavaa mabuti, kofia, shali.

"Usijisumbue, Mama Nisa. Baridi hii itakuua."

"Gari amelichukua Baba Nisa, ningewapeleka. Lakini nitakusindikiza," alisema Shelina, na alilisema neno hilo kwa mkazo.

Watoto walitangulia wakipiga theluji mateke. Kituoni, Shelina alimgeukia.

"Mama Karen, nikuulize. Tulikukosea nini?"

"Nyinyi? Mimi?"

"Kila nilipokuja kwako, nilisikia ukifunga mlango kabla sijafika kwenye lifti. Mama yangu kule Mwanza alimsindikiza hata msoma mita. Mimi nakuja na mwanangu kwenye barafu, na wewe hata kwenye lifti hunifikishi? Nikasema, basi, tumechosha watu."

Esmeralda alihisi uso unawaka, licha ya baridi. Naye alilelewa hivyo hivyo, Mombasa. Nyumbani kwao mgeni alisindikizwa mpaka barabarani, na hapo ndipo habari zenyewe zilipoanza. Lakini mwaka wake wa kwanza hapa alimfuata mgeni mmoja wa kanisani mpaka kwenye gari, na kanga juu ya sweta. Yule mama alicheka: rudi ndani, huku watu hawasindikizani, unapoteza joto la nyumba. Tangu siku hiyo alifunga mlango haraka.

"Nilidhani wewe ni wa huku," alisema. "Nilidhani utaniona mshamba."

"Mimi?"

"Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango, Mama Nisa. Nawachungulia kwenye kile kitundu mpaka lifti ijifunge. Kila mara."

Shelina alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akashika mkono wake, na kicheko kikageuka machozi kidogo. Basi lilikuja, likafungua mlango, likaondoka bila wao.

"Twende," alisema Esmeralda. "Sasa zamu yangu kukusindikiza."

Alhamisi iliyofuata Shelina na Nisa walikuja Kingsview Village, na jioni wote wanne waliteremka na lifti. Kwenye maegesho waliagana, wakakumbuka jambo, wakaagana tena, huku gari likinguruma bure. Glen akarudi kutoka kazini na mkoba wake wa chakula, akasimama ghafla.

Mtoto fulani alikuwa akipiga kelele nyuma ya magari, akimwamrisha mwenzake kuhusu paa na treni. Sauti ilikuwa kubwa, ya mtoto anayejua kwamba atasikilizwa.

"Huyo ni Karen?" aliuliza Glen.

"Ndiye."

Glen alisikiliza. Alisikiliza muda mrefu, na alipojipangusa macho alisingizia upepo.

"Stesheni imeshapata paa?"

"Imepata," alisema Esmeralda. "Sasa wanataka kuongeza uwanja wa ndege."

"Basi meza iacheni," alisema Glen. "Tutakula magotini."