Waya Uliobaki Mpakani

"Toa nguzo yako kwa njia yangu," Kabura alisema kwa mara ya tatu, na Gikonyo, kaka wa marehemu mume wake, akamjibu kwa mara ya tatu kwamba mpaka ni maua ya matoka, na matoka yako hapa. Fundi wa seng'enge aliendelea kushindilia udongo kwenye nguzo ya mwisho. Hatua nane za ardhi ndizo zilizogombaniwa, na ndizo njia pekee ya Kabura kutoka nyumbani hadi barabarani, ambako lori la maziwa husimama dakika tano kila asubuhi, si sita.

Sajini Simiyu alikuwa ameitwa asikilize. Pingu zake zilikuwa zimenyooka hewani, kana kwamba zinavutwa, kuelekea kwa majani ya napier upande wa Gikonyo, naye alizishikilia kwa mkono mmoja.

Mashine ya Gikonyo ya kukata majani ya ng'ombe ilikuwa ikinguruma. Kila ilipowashwa, vyuma vya majirani vilikuja kusimama juu ya waya uliofukiwa wa kuipelekea umeme: misumari, vijiko, majembe mawili, sindano za Wacera mshonaji. Marehemu Theuri, mume wa Kabura, ndiye aliyeufukia waya huo, chini ya matoka, maua ambayo Wakikuyu hupanda mipakani na asiyeogopa laana pekee ndiye huyang'oa. Wakati wa matanga Gikonyo aliyang'oa, akayapanda hatua nane ndani ya shamba la nduguye. Alihamisha maua akasahau waya.

Kabura, ambaye alisomea umeme chuoni Nyeri, alimweleza sajini kwamba waya unaopitisha umeme huzungukwa na nguvu ya sumaku, na kwamba vyuma vilikuwa vimejipanga pale pale mpaka ulipo. Simiyu alihesabu hatua kutoka kwenye vyuma hadi kwenye nguzo. Akapata nane. Akang'oa kijiko kimoja, akakitazama, akakirudisha mstarini.

"Mama Shiku, mimi naona," alimwambia Kabura. "Lakini hii chuma haina kitambulisho. Siwezi kuiandika shahidi. Mpima ardhi alifuata matoka, na ramani iko na muhuri."

"Na aliyehamisha matoka?"

"Hiyo ni mambo ya laana. Si ya polisi."

Gikonyo alikwenda kuzima mashine, maana jana seng'enge ilikuwa imechomoka mara mbili ikaenda kujilaza juu ya waya. Mngurumo ulipokatika, vyuma vilianguka. Majirani wakaja, kila mtu akachukua chake, wakasalimia na kuondoka. Fundi akavuta nyuzi tatu, akazikaza, akazipigilia.

Lori likapiga honi.

Kabura aliutazama mkebe miguuni pake, lita kumi na mbili, maziwa bado vuguvugu. Akamuuliza shemeji yake atapita wapi. Gikonyo akasema apitie chini. Chini kuna mto, na mto hauna daraja.

Kabura alichukua koleo mkononi mwa fundi. Akakata uzi wa juu, wa kati, wa chini. Akamrudishia fundi koleo yake, akajitwika mkebe.

"Andika hiyo, afande," Gikonyo alisema. "Ameharibu mali yangu, ndani ya shamba yangu."

Simiyu alifungua kitabu, akaandika hivyo hivyo. Kisha akaomba majina kamili. Kabura alikuwa ameshapita pengo. Aliyataja herufi kwa herufi, bila kusimama.